Lini Umwage Oili: Hesabu Saa za Injini, Usitazame Kilomita Peke Yake

Hotuba kwa madereva, wenye magari na mafundi

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Ndugu madereva, ndugu mafundi, na ninyi wazee wetu mliowakabidhi vijana magari mkisubiri hesabu ya jioni, asanteni kwa kufika. Tunajua kila saa mnayokaa hapa gari haliingizi kitu, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Ukitumia oili ya kawaida, ile isiyo sinthetiki, ukae nayo muda gani kabla ya kuimwaga?

Jibu la mtaani mnalijua wote: kilomita 5,000. Ndiyo namba anayoandika fundi kwenye kile kikadi anachokutundikia chini ya boneti. Tunachotaka mtoke nacho leo ni hiki: namba hiyo inafaa kwa gari moja na inaua jingine, hata kama magari hayo ni ya aina moja na yalishuka bandarini siku moja. Oili inachoka kwa saa ambazo injini imenguruma, kwa joto, kwa vumbi na kwa safari fupi fupi. Odomita, ile mita ya kilomita, haihesabu foleni.

Tupige hesabu. Chukueni Probox mbili, zote injini ya 1NZ, zimewekewa oili ileile siku moja. Ya kwanza inakwenda Mbeya na kurudi Dar es Salaam. Ukichanganya matuta na vijiji vyenye vibao vya 50, wastani wake ni kama kilomita 60 kwa saa. Kilomita 5,000 itazimaliza kwa saa 83 hivi. Ya pili ni teksi ya mjini: Kimara, Ubungo, Kariakoo, Mbagala, kiyoyozi kimewashwa, foleni asubuhi na jioni. Wastani wake kilomita 15 kwa saa. Kilomita 5,000 zake ni saa 333. Oili ya gari la pili imefanya kazi mara nne ya ile ya kwanza, na kikadi kinasema zote zimefika siku yake.

Sasa Hiace ya abiria. Inatoka saa 11 alfajiri, inalazwa saa 3 usiku. Ni saa 16, na wengi wenu hamzimi injini hata mkiwa kituoni mnasubiri abiria. Tuseme inatembea kilomita 180 kwa siku. Siku ya 16 injini imetimiza saa 256, huku odomita imesogea kilomita 2,880 tu. Dereva anayesubiri 5,000 atafika karibu siku ya 28, akiwa ameifanyisha oili saa 444. Halafu injini ikinoki tunasema gari lina mkosi.

Wenye jenereta hili wamelijua zamani. Jenereta haina odomita, ina mita ya saa. Ile ndogo ya petroli, mfano Honda ya GX160, kitabu chake kinasema umwage baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi 6. Saa ni chache kwa sababu chombo kinabeba oili kama nusu lita tu na hakina filta. Gari lina oili nyingi zaidi na lina filta, kwa hiyo linavumilia zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Tueleze kwa nini oili inachoka, maana fundi akikwambia tu "imeisha nguvu" hajakueleza kitu.

Ndani ya galoni la oili ya kawaida, sehemu kubwa ni mafuta ya msingi yaliyotokana na mafuta ghafi. Inayobaki ni viongezeo, na ndivyo vinavyofanya kazi ngumu. Kuna vinavyosafisha pistoni na kushika masizi yasigandamane, kama sabuni inavyoshika uchafu kwenye maji ya kufulia. Kuna vya kuua asidi. Kuna zinki na fosforasi vinavyojenga utando mwembamba pale chuma kinapokutana na chuma, kwa mfano kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini. Kuna vinavyozuia oili isiungane na oksijeni. Na kwenye oili kama 20W-50, ambayo namba ya kwanza ni uzito wake ikiwa baridi na ya pili ikiwa moto, kuna polima zinazoizuia isiwe nyepesi mno injini ikipata moto. Vyote hivi vinatumika na kuisha. Mafuta ya msingi yanaweza kubaki na utelezi wake mikononi, viongezeo vikawa vimekwisha kabisa. Ndiyo maana kusugua oili kwa vidole viwili hakukuambii kitu.

Adui wa kwanza ni joto. Kila joto la oili linapopanda nyuzi 10, kasi yake ya kuungana na oksijeni inakaribia kuongezeka maradufu. Kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, oili inakaa karibu na nyuzi 100, lakini kule kwenye ringi za pistoni inapita sehemu za nyuzi 200 na zaidi. Inakuwa nzito, inaacha utando wa kahawia, na baadaye tope jeusi. Mafuta ya msingi ya oili nyingi za bei nafuu yamesafishwa kwa njia ya zamani, yamebakiza salfa na molekuli zinazoungana na oksijeni upesi. Hapo ndipo sinthetiki inapoipita oili ya kawaida. Tofauti kubwa iko kwenye kuvumilia joto kwa muda mrefu, kwa sababu siku ya kwanza zote mbili zinalainisha vizuri.

Adui wa pili hamumtegemei: maji. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita nzima ya maji. Mengi yanatoka kwa ekzozi yakiwa mvuke, lakini kiasi fulani kinapenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili pamoja na gesi chafu. Injini ikipata moto wa kutosha kwa nusu saa, maji hayo yanageuka mvuke tena na kunyonywa na valvu ya PCV, ile inayotoa gesi chafu ndani ya injini. Mtu anayetoka nyumbani kwenda sokoni kilomita 3, akazima, akarudi, hampi oili nafasi hiyo. Maji yanabaki, yanakutana na mabaki ya mwako, asidi inazaliwa. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ukiona utando kama maziwa ya chai upande wa ndani, na rejeta haipungui maji, gari lako linaishi kwa safari fupi. Rejeta ikipungua, hilo ni jambo jingine, tazama gasketi ya silinda hedi.

Hapa tuwaambie mafundi wenzetu kwa upendo: acheni kuchomoa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, tafuteni chanzo chake, rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au mfuniko wa rejeta. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, na kwenye barabara kuu haipati kabisa joto lake. Kompyuta ya gari inaona injini ya baridi na kuongeza petroli. Petroli isiyoungua inateremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi na inanuka petroli. Mteja anakuja miezi michache baadaye na gari linalokula mafuta na kutoa moshi, anauziwa ringi mpya, na ile thamostati aliyochomolewa hakuna anayeikumbuka.

Adui wa tatu ni masizi na vumbi. Masizi ni ugonjwa wa dizeli zaidi. Upande wa salfa tumepata nafuu, kwa sababu tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, na salfa ikipungua asidi inapungua. Masizi hayakuondoka nayo. Vumbi ni la wote. Filta ya hewa iliyopasuka, au iliyopulizwa kwa kompresa mpaka karatasi ikatoboka, inaingiza mchanga laini unaosaga ringi na beringi, na hakuna oili duniani inayoweza kulizuia hilo. Ukimwaga oili kila kilomita 2,000 huku filta ya hewa ina tundu, unatupa pesa.

Na zile polima za 20W-50 zinakatwakatwa taratibu na gia za pampu na kamshafti. Oili uliyoinunua ikiwa 50 inaweza kuwa imeshuka hadi uzito wa 40 siku unayoimwaga. Kwa hiyo msidhani kununua nzito zaidi kunaongeza umri.

Wapo wanaosema kikadi cha Kijapani walichokuta kwenye gari kinaonyesha kilomita nyingi kuliko 5,000. Ni kweli. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na turbo, Toyota huko Japani inaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini mstari wa pili wa maelekezo hayohayo unasema kwa matumizi magumu kata nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu wameyataja: barabara mbovu, milima, safari za kilomita 8 au pungufu, mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa na kusimama injini ikinguruma, na kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Teksi ya Dar es Salaam inatimiza matatu au manne kwa mpigo. Injini za turbo, Toyota hiyohiyo inazipa kilomita 5,000, na 2,500 kwa matumizi magumu. Tena namba hizo zinategemea oili nyepesi ya kisasa iliyosafishwa sana, ambayo si sawa na 20W-50 unayoinunua dukani kwa bei ya chini.

Hata kiwandani walishajifunza kwa gharama. Injini za Toyota za 1MZ na 5S zilizouzwa Marekani kwenye magari ya 1997 hadi 2002 zilipata sifa mbaya ya kujaa tope la oili. Mwaka 2002 kampuni ikaongeza muda wa kuzihudumia kwa tatizo hilo hadi miaka 8. Magari hayo yalipangiwa maili 7,500, yaani kilomita 12,000. Baadaye Toyota huko Marekani ilirudisha muda hadi maili 5,000, ambazo ni kilomita 8,000. Hiyo ni nchi ya barabara nzuri na oili ya kuaminika, na bado 12,000 kwa oili ya kawaida zilikuwa nyingi mno kwa injini hizo.

Sasa tuje kwenye galoni lenyewe, maana muda hauna maana kama hujui umeweka nini.

Geuza galoni utafute herufi za API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, zinazoonyesha kiwango cha oili. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na kila herufi inayofuata kwenye alfabeti ni kiwango kipya zaidi. SL ilianza 2001, SN 2010, SP 2020. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na SG baada ya 1993. Upande wa dizeli, CD si ya injini za baada ya 1994, na CF-4 si ya injini za baada ya 2009. Leo bado utakuta SF rafuni, imeandikwa kwa rangi nzuri, na mtu anaimwaga kwenye IST ambayo toleo lake la kwanza kabisa ni la 2002. Usiguse. Kwa gari lolote la petroli la miaka ya 2000, chini ya SL hapana, na ukipata SN kwa tofauti ndogo ya bei, chukua SN. Galoni lisilo na herufi za API wala namba ya kundi la uzalishaji, liache hapohapo.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa tungependa muiache kabisa. Huna njia ya kujua ilikuwa nini kabla ya kuingia kwenye pipa lile. Kuna watu wanachuja oili chafu ikarudi rangi ya asali. Kuchuja kunaondoa chembe, hakurudishi viongezeo.

Na SAE 40 tupu, isiyo na W, ina nafasi yake kwenye mashine za kizamani. Asubuhi inakuwa nzito, inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na nyingi ya zile za bei rahisi zina viongezeo vichache. Kwa injini ya VVT-i inayotumia presha ya oili kusogeza kamshafti kupitia matundu membamba, tunasema hapana. Fuata uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari.

Baada ya hayo, vipimo tunavyopendekeza kwa oili ya kawaida ni hivi. Gari la petroli lenye injini nzima, oili halisi ya SL kwenda juu, kazi yake safari ndefu kwenye lami: kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Ukiwa na SN kutoka duka unaloliamini, na kitabu cha gari kinaruhusu, hata 6,000 hazitaiumiza injini hiyo. Huyu akimwaga kila 3,000 anapoteza pesa, tunamwambia wazi. Gari la mjini la foleni: saa 200 za injini, ambazo kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni kilomita 3,000. Daladala ya petroli isiyozimwa: siku 12 hadi 14, usihangaike na odomita. Dizeli isiyo na turbo: kilomita 5,000 au saa 200. Dizeli yenye turbo, au inayopandisha mzigo mlima Kitonga wiki hadi wiki, au inayofanya kazi kwenye vumbi: kilomita 4,000 au saa 150. Turbo haisamehe. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili tu. Anayeshindwa kukwepa SAE 40 akate vipimo vyote hivi katikati.

Miezi 6 inawahusu hata wanaopaki gari. Maji na asidi vilivyomo vinaendelea kula beringi gari likiwa limefunikwa turubai.

Kuzijua saa zako ni rahisi. Dashibodi nyingi za karibuni zinaonyesha wastani wa mwendo. Kama lako halina, chagua siku moja ya kawaida, andika odomita asubuhi na jioni na saa ambazo injini ilikuwa inawaka. Gawa. Kisha zidisha wastani huo mara 200, hiyo ndiyo namba yako ya kilomita, na ikizidi 5,000 bakia kwenye 5,000. Kwa dizeli ya turbo, ya Kitonga au ya vumbi, zidisha mara 150 na kikomo ni 4,000. Iandike kwenye kikadi badala ya ile ya fundi.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama, na tunawaomba mkijaribu wiki hii. Injini ikiwa ya moto, chomoa kijiti cha oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya. Karatasi ya kuchujia kahawa ndiyo nzuri kuliko zote. Iweke juu ya mdomo wa kikombe ili isiguse meza, iache mpaka kesho. Tone litasambaa na kuacha miduara. Kama giza limesambaa kidogokidogo kutoka katikati kwenda nje, kijivu kikififia taratibu, oili bado inabeba uchafu wake. Kama katikati pamebaki doa jeusi zito lenye ukingo uliokatika kama limechorwa kwa kalamu, na nje yake ni mafuta matupu ya njano, uwezo wa kubeba umekwisha na masizi yameanza kugandamana. Mwaga leo. Ukiona pete pana nyepesi pembeni kabisa, na karatasi inanuka petroli, mafuta ya gari yanaingia kwenye oili. Mwaga, kisha tafuta chanzo chake.

Rangi ya kwenye kijiti pekee isikudanganye. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ya kwanza na bado ni nzima. Oili ya petroli inayobaki safi kwa kilomita 4,000 ndiyo ya kutilia shaka: huenda haisafishi chochote.

Kuongeza si kubadilisha. Injini inayokula oili, ukiiongeza nusu lita kila wiki, unaongeza viongezeo kidogo, lakini tope, asidi na chembe za chuma zinabaki palepale pamoja na filta iliyojaa.

Tufike kwenye kumwaga kwenyewe. Tutatumia 1NZ kwa sababu iko kwenye nusu ya magari yaliyopaki hapo nje. Endesha dakika 10, oili ipate moto wa wastani na iinue uchafu. Paki mahali tambarare, vuta hendibreki, inua gari na uweke stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Legeza kifuniko cha juu, weka beseni, fungua nati ya sampu kwa spana namba 14. Subiri dakika 15, mpaka iwe inadondoka tone kwa tone. Fundi anayefunga baada ya dakika 2 amekuachia oili chafu ndani, na hiyo inaanza kula viongezeo vya mpya mara moja.

Wakati inachuruzika, tazama beseni kwenye jua. Unga wa kung'aa kama rangi ya fedha, au vipande unavyoweza kuvishika, ni beringi zinazosagika. Weka washa mpya, ile pete ya kuzuia uvujaji, kwenye nati, kaza kwa karibu nyutoni-mita 37. Kwa asiye na spana ya kupimia, ni mkono mmoja na spana ya kawaida bila kuongeza bomba. Sampu nyingi zilizoharibika nyuzi zake zimeuawa na bomba hilo.

Filta ibadilishwe kila mara. Ina takriban theluthi moja ya lita ya oili chafu, na ikiziba, valvu yake ya usalama inafunguka na kupitisha oili isiyochujwa. Baada ya kuitoa, pitisha kidole mahali ilipokaa uhakikishe mpira wa zamani haukubaki, kwa sababu mipira miwili ikibebana oili yote itamwagika ukiwa njiani. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Chungulia filta mpya ndani ya matundu madogo ya pembeni: unatakiwa uone mpira laini unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Filta bandia nyingi hazina, au zina mpira mgumu kama plastiki. Dalili yake ni mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache kila asubuhi unapowasha.

1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na 3.4 bila filta. Galoni ni lita 4. Usilimalizie lote kwa kuwa limebaki kidogo. Weka 3.4 kwanza, washa, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, tazama uvujaji. Zima, subiri dakika 5, pima, ongeza mpaka karibu na alama ya juu. Oili ikizidi sana, krenki inaipiga inatoa povu, na povu halishiki presha. Kile kilichobaki kifunge vizuri ukiweke kwenye buti kwa kuongezea, na pima kila wiki.

Ukipuuza yote haya, uharibifu una mpangilio wake. Huanza na ringi ya chini ya pistoni, ile ya kukwangua oili: matundu yake yanaziba na gari linaanza moshi wa bluu. Kisha chujio la pampu chini ya sampu linazibwa na tope, presha inashuka, cheni ya taimingi inayolainishwa na oili hiyohiyo inalegea na kupiga kelele. Mwisho beringi za konrodi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapo ulipo. Usiseme ufike gereji.

Wenye magari, hili ni lenu. Tuseme kumwaga kunakugharimu shilingi 60,000. Kila kilomita 5,000 ni shilingi 12 kwa kilomita. Ukimwaga kila 3,000 ni shilingi 20. Kwa kilomita 30,000 tofauti yake ni shilingi 240,000. Ulizeni bei ya kufungua injini moja ya Hiace, na siku ambazo haitaleta hesabu. Na mkimtaka dereva amwage kwa wakati, msimkate pesa hiyo kwenye hesabu yake.

Bodaboda kwa kifupi: pikipiki nyingi zinabeba karibu lita moja tu, na oili hiyohiyo inaogesha klachi na gia. Tumia yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze. Kwa kazi ya kutwa nzima, wiki mbili zisipite.

Aliyetoa gari bandarini au kununua mkononi mwa mtu, asihesabu kilomita za mwenzake. Mwaga na badilisha filta siku ya kwanza. Fungua kifuniko cha juu umulike ndani na tochi. Ukiona tope, mwaga tena baada ya kilomita 1,500, na tena baada ya 1,500 nyingine, oili ya kawaida nzuri italisafisha polepole. Kemikali za kusafisha kwa dakika 10 tunaziogopa kwa injini yenye tope jingi, kwa sababu zinabandua mabonge yanayokwenda kuziba chujio la pampu.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala kwenye udongo wa gereji, inashuka hadi kwenye visima tunavyochota. Rudisha kwenye madumu, uza kwa wakusanyaji wenye kibali. Vijana wa gereji, vaeni glavu. Oili iliyotumika ina kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi, na kuioga mikononi kutwa miaka 20 si ujasiri. Nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli.

Mezani hapa tumeweka karatasi za kuchujia na vijiti vya kudondoshea. Anayetaka kupima oili ya gari lake alete kijiti chake sasa, injini zikiwa bado za moto, na wengine tuanze maswali.